Anayesikia mvumo usiku hajarogwa

Jirani akikuambia kwamba usiku anasikia mvumo, kama wa lori lililosimama mbali bila kuzimwa, usiseme karogwa. Wala usimcheke.

Katika mji wa Windsor, Kanada, watu walianza kulalamika hivyo mwaka 2011. Madirisha yalitetemeka, usingizi ukapotea, na wenzao wasiosikia kitu waliona ni maneno ya kujitungia. Watafiti walipoweka vipimo, mwaka 2014 walisema mvumo huenda unatoka kisiwa cha Zug, ng'ambo ya mto, upande wa Marekani, penye tanuru za kuyeyushia chuma. Tanuru zilizimwa mwaka 2020, na wakazi wakasema mvumo umekoma.

Sauti nzito husafiri mbali, hupenya ukuta, na si kila sikio huipata. Ndiyo maana mume aweza kulala fofofo na mke anakesha.

Lakini mvumo mwingine hautoki nje. Sogea mbali na jenereta au pampu ya maji. Ukikufuata, huenda ni masikio. Kwinini, ambayo wengi wetu tumepewa kwa malaria, huvumisha masikio. Nta iliyojaa pia. Usiache dozi mwenyewe, usitie kijiti sikioni. Nenda zahanati, utaje dawa ulizotumia.

Nasi wahudumu tujirekebishe: mtu akija na shida hii, tusimpe panadoli na kumrudisha nyumbani kabla ya kumtazama sikio na kumwuliza mvumo unaanza saa ngapi.