Char Dham, Loliondo na Nzuguni: umati ukija, unasubiri wapi?

Kila mwaka, kati ya Aprili na katikati ya Mei, mahekalu manne ya Wahindu hufunguliwa juu kwenye milima ya Himalaya, kaskazini mwa India. Hufungwa tena Oktoba au Novemba, baridi na theluji vikianza kushika. Katika miezi hiyo sita hivi watu humiminika. Msimu wa 2024 waliofika walizidi milioni 4.6.

Safari hiyo inaitwa Char Dham, yaani makao manne. Ni mahekalu ya Yamunotri, Gangotri, Kedarnath na Badrinath, yote katika jimbo la Uttarakhand. Kwanza tuelewane kwenye maneno. Mhindi ni mtu wa India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, na Wahindu wapo hata hapa Tanzania, wengi wao wenye asili ya Gujarat. Kwao hija ya India ni sawa na Mwislamu anavyoiwaza Makka au Mkristo anavyoiwaza Yerusalemu.

Sasa mtu wa Nzuguni anahusikaje na mahekalu ya Himalaya? Anahusika sana, na siyo kwa sababu ya dini. Anahusika kwa sababu ya umati. Wahindi wamelipa kwa maisha ya watu kujifunza swali ambalo sisi huwa tunalisahau hadi maafa yatokee: watu wengi wakitaka kufika sehemu moja finyu kwa wakati mmoja, nani anawahesabu, na wanasubiri wapi?

Safari yenyewe siyo mchezo

Dodoma iko kwenye urefu wa takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hekalu la Kedarnath liko mita 3,583, zaidi ya mara tatu ya hapo. Hewa huko ni nyepesi. Mtu mwenye presha au tatizo la moyo anaweza kuzidiwa akiwa amekaa tu, sembuse akipanda mlima.

Na kupanda kupo. Barabara ya gari inaishia Gaurikund. Kutoka hapo kwenda Kedarnath ni kama kilomita 16 za kupanda kwa miguu. Asiyeweza anakodi farasi, anabebwa kwenye machela na wapagazi, au anapanda helikopta. Helikopta nazo zina hatari zake: Juni 15, 2025 moja ilianguka ikirudi kutoka Kedarnath na kuua watu wote 7 waliokuwemo.

Wengi wa mahujaji ni wazee. Ndiyo umri ambao mtu amemaliza kusomesha, ameozesha watoto, sasa anataka kutimiza nadhiri yake. Msimu wa 2024 mahujaji zaidi ya 200 walikufa njiani au mahekaluni, wengi kwa moyo na matatizo ya urefu. Hao hawakukanyagwa wala kusombwa na maji. Miili yao ilishindwa tu.

Usiku ambao hakuna aliyejua idadi

Juni 16 na 17, mwaka 2013, mvua kubwa ilinyesha Uttarakhand. Juu ya Kedarnath kulikuwa na ziwa dogo la Chorabari, lililojaa maji ya mvua na ya barafu iliyoyeyuka. Kingo zikapasuka. Maji, mawe na matope vikashuka kwenye mji mdogo uliolizunguka hekalu. Jiwe kubwa lilisimama nyuma ya hekalu, likayagawa maji pande mbili, na jengo likabaki. Nyumba za wageni, maduka na watu vilikwenda na maji.

Waliokufa au kupotea moja kwa moja katika jimbo hilo walizidi 5,000. Hesabu kamili haikupatikana haraka, na sababu yake ni rahisi kabisa: hakukuwa na orodha. Mtu alishuka kwenye basi, akapanda mlima, basi. Familia zilikaa chini wiki nzima na picha mkononi zikiuliza kila anayeshuka kama amemwona baba au mama yao.

Baada ya hapo serikali ya jimbo ilianza usajili wa mahujaji. Leo huruhusiwi kwenda Char Dham bila kujiandikisha. Jina lako, namba yako na siku yako vinajulikana kabla hujaanza kupanda.

Kuandikisha ni nusu tu ya kazi

Orodha peke yake haizuii msongamano. Ukishaandika watu 50,000 na ukawaruhusu wote siku moja, umepata orodha nzuri ya watu walio hatarini. Ndiyo maana mwaka 2022 kikawekwa kikomo cha kila siku: Badrinath watu 15,000, Kedarnath 12,000, Gangotri 7,000 na Yamunotri 4,000.

Hapo ndipo siasa ikaingia. Makuhani, wenye hoteli na wenye magari walilalamika. Kwao miezi sita ndiyo mwaka mzima wa kipato. Ukimzuia mgeni leo umewanyima mkate. Kabla ya msimu wa 2023 kuanza, serikali ikaondoa kikomo.

Tusiwacheke. Malalamiko yao ni ya kweli, na hata hapa kwetu mama lishe au dereva wa bajaji angesema hivyohivyo. Lakini milima haikupanuka. Msimu wa 2024 ulipofunguliwa Mei 10, njia nyembamba ya Yamunotri ilijaa watu hadi ikawa hakuna anayepanda wala kushuka. Serikali ikarudi kulekule ilikotoka: ikasimamisha kwa muda usajili wa papo kwa papo pale Haridwar na Rishikesh, na kupanga idadi upya. Ikapiga marufuku hata kurekodi video za mitandaoni ndani ya mita 50 kutoka mahekaluni, maana watu walikuwa wakisimama kupiga video huku nyuma foleni inasukuma.

Angalia majina hayo mawili, Haridwar na Rishikesh. Ni miji iliyo chini kabisa, kwenye vilima vya mwanzo vya Himalaya. Ndiyo milango ya safari. Ina stesheni za treni, mabasi, hospitali, maji na vyakula. Njia ya juu ikijaa, hujaji anazuiwa huko chini. Atanung'unika, atalala siku mbili zaidi, atatumia hela zaidi, lakini atakuwa hai. Msongamano unaozuiliwa chini ni usumbufu. Ukiachwa upande hadi juu, kwenye njia ya upana wa mita chache pembeni ya korongo, unakuwa msiba.

Sisi tulisubirishana wapi?

Wakubwa wanaikumbuka Loliondo. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, wilaya ya Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, alianza kugawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Watu walitoka kila kona ya nchi, na Kenya, na mbali zaidi. Walikwenda kwa mabasi, kwa Noah, kwa magari ya wagonjwa, na wenye uwezo kwa helikopta.

Leo tusibishane kama dawa ilifanya kazi. Tutazame foleni. Ilikuwa ya kilomita nyingi, kwenye barabara ya vumbi, sehemu isiyokuwa na vyoo, maji wala zahanati ya kuhimili umati ule. Na waliokuwa kwenye foleni siyo vijana wa mazoezi; walikuwa wagonjwa, wengine mahututi, wengine wametolewa vitandani hospitalini. Wapo waliofia humohumo kabla ya kukifikia kikombe. Mwishoni mwa Machi mwaka huo watu kama 24,000 walikuwa wakisubiri, na mchungaji mwenyewe ikabidi aombe wengine wasije hadi Aprili 1 ipite.

Kwa maneno mengine, tuliwasubirisha watu juu. Tuliwaacha wafike mwisho wa njia ndipo tukagundua kwamba ni wengi. Umati ule ungezuiliwa kwenye miji yenye hospitali, watu wakapewa namba na siku, wengi wasingeteseka namna ile.

Tulijifunza? Februari 1, 2020, kule Moshi, waumini walikanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa. Watu 20 walikufa. Machi 21, 2021, Watanzania walikwenda Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, kumuaga Rais John Magufuli. Watu walikuwa wengi kuliko uwanja, wapo walioacha mageti wakatafuta njia nyingine za kuingia, na polisi baadaye walitangaza kwamba watu 45 wamepoteza maisha. Ile haikuwa hata ibada. Ilikuwa heshima ya mwisho kwa kiongozi.

Kuna kitu kimoja kinafanana kwenye matukio haya yote. Aliyekwenda hakukosea. Alikuwa na imani yake, ugonjwa wake au majonzi yake. Kosa ni la mpangilio uliosubiri umati ufike mlangoni.

Tahadhari kutoka Makka

Lakini usajili nao una kasoro yake, na ni vizuri tuijue mapema. Juni 2024, wakati wa Hija, joto la Makka lilizidi nyuzi 50. Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, na kwamba asilimia 83 ya waliokufa walikuwa hawana kibali. Wenye kibali walikuwa na mahema yenye viyoyozi na mabasi. Wasio nacho walitembea mbali juani, wengi wakiwa wamekwepa gharama za safari rasmi.

Maana yake, ukifanya usajili uwe ghali au mgumu, maskini hatabaki nyumbani. Atakwenda kwa njia ya panya, na atakuwa nje ya orodha, nje ya kivuli, nje ya gari la wagonjwa. Usajili unaookoa ni ule ambao mtu wa kawaida anaumudu kwenye simu yake ya kitochi, bure au kwa bei ya vocha.

Nzuguni ndiyo Haridwar yetu

Sasa turudi nyumbani. Nzuguni kuna stendi kuu ya mabasi ya Dodoma, kuna soko la Job Ndugai, na kuna viwanja vya Nanenane, vyote karibukaribu. Maonesho ya kitaifa ya Nanenane yalifanyika hapa 2024 na yakarudi 2025. Tangu Julai 2024 treni ya SGR nayo inaleta watu mjini kutoka Dar es Salaam kwa saa chache. Dodoma ikiwa na jambo kubwa, iwe maonesho, mkutano wa dini, mkutano wa siasa au msiba wa kitaifa, sehemu kubwa ya wageni wa mabasi hushukia hapa.

Kwa hiyo mji ukijaa, Nzuguni ndiyo mahali pa kusubiri. Ni mlango, kama Haridwar. Swali siyo kama umati utakuja, maana kila Agosti unakuja. Swali ni kama pametayarishwa watu wasubiri kwa usalama.

Kwa Kiswahili cha mtaani, maswali ya kuwauliza viongozi kabla ya kila tukio kubwa ni manne tu:

• Eneo linachukua watu wangapi, na nani ana mamlaka ya kusema "basi, limejaa"?

• Likijaa, waliobaki wanaambiwa wakae wapi, na hapo pana maji, vyoo na kivuli?

• Milango ya kutokea ni mingapi, na iko wazi, au imefungwa ili watu wasiingie bure?

• Gari la wagonjwa linapita wapi wakati barabara imejaa bodaboda na bajaji?

Tayari tuna mfano hapahapa. Kwenye SGR unakata tiketi kwa jina lako na unapata kiti chako. Behewa likijaa, unasubiri treni nyingine. Hakuna anayeona ameonewa. Kinachowezekana kwenye treni kinawezekana kwenye uwanja wa maonesho na kwenye mkutano wa maombi: siku tofauti kwa watu wa wilaya tofauti, namba kwenye simu, na geti linalohesabu.

Na mfanyabiashara asiogope. Wenye hoteli wa kule milimani walilia kwamba kikomo kinawanyima wateja. Lakini mgeni aliyezuiwa Rishikesh siku mbili bado anakula, analala na kununua, ila anafanya hivyo Rishikesh. Umati uliogawanywa kwa siku tano unampa mama lishe wa Nzuguni siku tano za biashara, badala ya siku moja ya kukimbizana na sufuria na nne za kukaa.

Na wewe unayesafiri

Iwe unakwenda hija, maombi au maonesho, mambo machache yanakuhusu wewe binafsi. Mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda na siku ya kurudi. Mzee mwenye presha asisafiri bila dawa zake, na asiziache kwa sababu amesikia kuna uponyaji. Ukifika, angalia mlango wa kutokea kabla hujatafuta pa kukaa. Na ukiona watu wamebanana hadi huwezi kuinua mikono, usisubiri kuona mbele kuna nini. Sogea pembeni mdogomdogo, utoke.

Kedarnath walianza kuhesabu watu baada ya 2013, wakiwa wamezika maelfu. Agosti nyingine inakuja Nzuguni, na kuhesabu kwa kuanzia Julai hakuhitaji msiba wowote.