Kenya: Ndoa na Haki ya Kukaa

Askari aliye zamu Namanga au Sirari huonana na mume na mke wanaoshika hati za nchi mbili. Yafaa basi tuitazame sheria ya jirani zetu.

Katiba ya Kenya ya 1963 ilimpa mke wa raia haki ya kuandikishwa kuwa raia. Mume mgeni wa mwanamke wa Kenya hakupewa. Binti wa nchi akawa anamwombea mumewe vibali katika ardhi ya babu zake mwenyewe. Kwa maoni yetu huo ulikuwa uonevu dhahiri. Katiba ya 2010 iliuondoa: awe mke au mume, ndoa ikitimiza miaka 7, aweza kuomba uraia. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 nayo ikaweka daraja ya kati, yaani ukaazi wa kudumu, unaoombwa baada ya miaka 3 ya ndoa.

Ukaazi huo hauleti kura wala pasipoti ya Kenya. Tena ndoa iliyofungwa ili kujipatia uraia haikubaliwi. Kazi ngumu kwa afisa, maana cheti cha ndoa hakisemi yaliyomo moyoni.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Uraia ya 1995 ilimfungulia mlango mke mgeni peke yake. Polisi wa kike wa Holili akiolewa na mtu wa Taveta, ng'ambo tu ya mpaka, mumewe akitaka uraia wetu atafuata njia ya mgeni yeyote.