Migogoro ya familia isiyohesabiwa haitengewi fedha

Mkutano wa mtaa ukiitishwa jijini Dodoma, ajenda zake zinajulikana kabla watu hawajakaa: maji, barabara, taa, viwanja na ulinzi. Mwenyekiti akiuliza kama kuna mengineyo, watu hutazamana. Ni nadra mtu kusimama na kusema kuwa mtaani kuna watoto wanaolala na njaa kwa sababu baba na mama wametengana, au kuna mzee aliyeachwa peke yake bila wa kumchotea maji. Hayo huitwa mambo ya ndani.

Tatizo ni kwamba mpango wa mwaka wa halmashauri hutokana na yanayosemwa na kuandikwa. Barabara iliyotajwa kwenye muhtasari wa kikao ina nafasi ya kupata fedha. Mtoto ambaye hakutajwa hana nafasi hiyo.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30, lakini mpango wake huandaliwa miezi mingi kabla. Vipaumbele vya mtaa hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, inayoongozwa na diwani na ambayo wenyeviti wa mitaa ni wajumbe wake. Kutoka hapo hupanda hadi kwa wataalamu wa halmashauri, kisha Baraza la Madiwani, ambalo kwa kawaida hupitisha bajeti kati ya Januari na Machi. Bunge huketi kuanzia Aprili. Anayesubiri kusikia bajeti redioni mwezi Juni ndipo atoe maoni, anakuwa amechelewa.

Kwenye halmashauri, ustawi wa jamii umo katika idara moja na afya na lishe. Hapo ndipo ushindani mkali ulipo. Zahanati ikikosa dawa, foleni ya wagonjwa inaonekana na kelele zake zinasikika. Afisa ustawi wa jamii akikosa nauli ya kwenda kumwona mtoto aliyepigwa, hakuna foleni. Kuna nyumba moja iliyofungwa mlango.

Na kazi hiyo ina gharama kama kazi nyingine. Chukua mfano wa mtoto anayeondolewa usiku kwenye nyumba yenye ukatili. Anahitaji usafiri hadi polisi na hospitali, mahali salama pa kulala, chakula, nguo ya kubadili, na baadaye mtu wa kumfuatilia na kuandika taarifa ya mahakama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto katika eneo lake. Lakini sheria haijazi mafuta kwenye gari. Fungu lisipopangwa, afisa hutoa mfukoni, jirani mwema hubeba mzigo, au mtoto hurudishwa alikotoka.

Kwa Dodoma jambo hili lina uzito wa pekee. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji hilo lenye kata 41. Serikali ilihamia, watumishi wakaja, na nyuma yao wakaja mafundi, mama lishe, madereva wa bodaboda na wasichana wa kazi za ndani. Nzuguni, Nkuhungu na Ihumwa zimejaa familia changa ambazo wazee wao wako Kigoma, Mbeya au Kilimanjaro.

Zamani wanandoa wakigombana, mjomba au shangazi aliitwa jioni ile ile. Leo mjomba yuko mbali, na mwenye nyumba hataki kelele. Usuluhishi uliokuwa ukifanywa na ukoo bila malipo umehamia kwa mwenyekiti wa mtaa, viongozi wa dini, bodi ya usuluhishi wa ndoa na ofisi ya ustawi. Bodi hizo si hisani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upitie kwenye bodi ya usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani, isipokuwa kwa sababu maalumu. Wasuluhishi nao wanahitaji chumba chenye faragha, karatasi na mafunzo. Yote hayo ni mambo ya kupangiwa bajeti.

Uzoefu wa lishe unaonyesha njia. Kwa miaka mingi utapiamlo ulizungumzwa kama huzuni tu. Ukaja mkataba wa lishe, na halmashauri zikatakiwa kutenga angalau Sh1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Tangu hapo viongozi hupimwa kwa namba: watoto ni wangapi, kilitengwa kiasi gani, kilitolewa kiasi gani. Si kila mahali lengo limefikiwa, lakini swali linaulizika. Migogoro ya familia nayo inahitaji namba zake.

Pa kuanzia papo. Chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza mwaka 2017, kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilianzishwa hadi ngazi ya mtaa. Kamati inaweza kupeleka kwenye kata hesabu fupi isiyo na jina la mtu: mashauri mangapi ya matunzo ya watoto yalifika kwa mwaka, mangapi ya kipigo, wazee wangapi hawana msaidizi, wangapi walipelekwa mbele na wangapi walikwama kwa kukosa usafiri. Siri ya familia inabaki salama, na diwani anapata hoja ya kusimamia kikaoni.

Wakati nao ni muhimu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Katika kata za pembezoni kama Hombolo na Mbabala, bajeti inapopikwa ndipo watu, hasa wanawake, wapo shambani. Mkutano wa Januari saa nne asubuhi utawakuta wachache. Mikutano ya Septemba na Oktoba, mavuno yakiwa yameshaingia ndani, ndiyo inayofaa kuibua hoja hizi.

Dharura haisubiri bajeti. Simu ya bure ya kumsaidia mtoto, namba 116, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ni vya kutumiwa leo. Lakini anayepokea taarifa hiyo atahitaji usafiri na mahali pa kumpeleka mtoto, na hivyo hupangwa mwaka mmoja kabla.

Kwenye mkutano ujao wa mtaa, swali moja linatosha kuanzia: mwaka jana mtaa huu ulipokea migogoro mingapi ya familia, na kwenye mpango wa mwaka huu imetengewa nini? Jibu likiwa halipo, liandikwe kwenye muhtasari kwamba halipo.