Anayesikiliza Asiwe Mwenye Bakora

Tarehe 1 Desemba 1974, asubuhi ya upepo mkali na mawingu mazito, ndege ya shirika la TWA, safari nambari 514, iliyokuwa ikienda Washington na ikageuziwa njia kuelekea uwanja wa Dulles kwa sababu ya upepo ule, iligonga Mount Weather katika jimbo la Virginia, na watu wote 92 waliokuwamo wakafariki. Nahodha wake alikuwa amepewa na waongozaji wa ndege idhini ya kuukaribia uwanja. Naye akaifahamu kuwa ni ruhusa ya kushuka hadi futi 1,800, ilhali waongozaji walichukulia kwamba kujihadhari na vilima ni dhima ya rubani mwenyewe. Neno lilikuwa moja, fahamu zikawa mbili, na baina ya fahamu hizo pakasimama mlima.

Lakini lichomalo moyo zaidi katika kadhia hii ni kwamba kiasi cha wiki sita kabla, marubani wa shirika la United walikuwa wamepewa idhini kama ile wakielekea uwanja ule ule, wakaifahamu vile vile, wakaupita mlima ule kwa tundu la sindano. Waliporejea waliiarifu kampuni yao, nayo ikawahadharisha marubani wake; ila haikuwapo njia ya kulifikisha onyo lile kwa marubani wa kampuni nyingine. Maarifa ambayo yangeweza kuokoa roho 92 yalikuwapo, yamelala katika nyumba ya jirani.

Idara ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliwaita marubani mwaka 1975 waje waeleze makosa yao na hatari walizoziona. Marubani wakasita, nami siwalaumu, kwa kuwa idara hiyo ndiyo itoayo leseni na kuifuta, ndiyo itozayo faini, na ndiyo iwaajiriyo waongozaji ambao huenda rubani angetaka kuwalalamikia. Kwa hiyo kazi ya kupokea barua za maelezo hayo ikakabidhiwa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, lisilo na leseni ya kumnyang'anya mtu, na mnamo Aprili 1976 mlango ukafunguliwa. Tangu hapo zimepokewa taarifa zaidi ya milioni moja. Kinachonipendeza mimi si wingi huo, bali kile kipande cha karatasi chenye jina na anwani ya mwandishi, ambacho hukatwa kutoka katika taarifa, kikapigwa mhuri na kurudishiwa mwenyewe, hata asibaki NASA mtu awezaye kusema barua ile ilitoka kwa nani.

Wapo watakaonung'unika kwamba huku kumkinga aliyejieleza asiadhibiwe ni kuwapa wazembe msamaha wa bure. La hasha. Anayetaka kinga hiyo yampasa awe ameandika ndani ya siku 10, na kosa lake liwe la kughafilika, si la kusudi. Jinai haimo, wala ajali yenyewe haimo. Hata kosa lenyewe halifutwi: linaloondolewa ni adhabu tu. Hiyo naiona kuwa bei nafuu mno ya kununulia ukweli.

Mficha maradhi, kilio humuumbua, ndivyo tulivyofunzwa. Angani, hata hivyo, kilio huangukia nyumba nyingine. Tarehe 28 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air aina ya Boeing 737 MAX iliruka kutoka Denpasar kwenda Jakarta, pua yake ikisukumwa chini mara kwa mara bila ya amri ya marubani, na usukani ukitetemeka karibu safari nzima, hata wakafaulu kuituliza na kutua salama. Katika daftari la ndege waliandika hitilafu kadhaa, lakini mtetemo ule hawakuutaja, wala ile hatua iliyowaokoa. Asubuhi yake ndege ile ile ikakabidhiwa marubani wengine, ikatumbukia baharini na watu 189. Miezi mitano haijatimia, ndege nyingine ya aina hiyo, ya Ethiopian, ikaanguka tarehe 10 Machi 2019 ikielekea Nairobi, na katika watu 157 waliofariki, 32 walikuwa Wakenya, wengi kuliko raia wa taifa lolote jingine.

Na sisi je? Mkataba wa Chicago, ule wa usafiri wa anga wa kimataifa, katika Kiambatisho chake cha 19, unaitaka kila dola iwe na njia ya hiari ya kutoa taarifa hizi, isiyo na adhabu. Lakini mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya hutoa leseni na pia huongoza ndege, kama ilivyokuwa FAA, na rubani wa ndege ndogo aliyeponea chupuchupu kwa maelekezo yenye utata hataandika kwa moyo mkunjufu barua iendayo kwa mwajiri wa aliyemwelekeza. Jumuiya ya Afrika Mashariki inao wakala wake wa usalama wa usafiri wa anga, CASSOA, ulioanzishwa mwaka 2007 na wenye makao Entebbe. Leseni ya rubani haitoki huko. Barua hizo na ziende Entebbe, zikatwe majina, na kile kipande cha karatasi kirudi kwa mwenyewe kikiwa na mhuri.