Stesheni Isiyo na Abiria Haidumu

Ndugu msomaji, watoto wetu wakifundishwa habari za reli husikia majina ya Kigoma, Mwanza na Tanga. Nachingwea haitajwi sana, ingawa nayo ilipata kuwa na reli yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1947 ikaanzisha Tanganyika mpango mkubwa wa karanga. Mapori ya Nachingwea yakafyekwa, na mwaka 1949 reli ikafika huko kutoka Mkwaya, karibu na Lindi. Karanga hazikustawi, mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Reli iliunganishwa na bandari ya Mtwara, iliyofunguliwa mwaka 1954, lakini shehena haikutosha. Mwaka 1962 ilifungwa, kisha vyuma vikang'olewa.

Reli ile ilipimwa kwa magunia ya zao moja. Zao liliposhindwa, stesheni zikakosa kazi.

Tazama sasa Dar es Salaam. Oktoba 2012 treni ya abiria wa mjini ilianza safari kati ya Stesheni na Ubungo, ikipita juu ya Reli ya Kati, iliyojengwa tangu enzi ya Wajerumani. Njia ilikuwa kuukuu, lakini wafanyakazi waliokuwa wakisongamana katika daladala waliijaza, kwa sababu ilipita walipo watu.

Kwa hiyo, mchoraji wa stesheni aanze kwa kuuliza: ni nani atakayefika hapa saa kumi na mbili asubuhi? Mama mwenye mtoto mgongoni na kapu mkononi ahitaji kivuli, maji, choo safi na taa. Mzee mwenye mkongojo ahitaji jukwaa lililo sawa na mlango wa behewa. Na wote wahitaji njia fupi ya kufika sokoni na kwenye daladala.

Jambo hili halijapitwa na wakati. Ipo mipango ya reli mpya ya kusini, kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kufikia makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Madini ni mali yetu, na yasafirishwe. Lakini mkulima wa korosho na ufuta, mwanafunzi na mgonjwa nao wawekewe stesheni zao tangu siku ya kwanza ya michoro. Ukiitwa mkutanoni, ndugu msomaji, liulize hilo kabla msingi haujachimbwa.