Mshahara Unapozidi kwa Makosa



Mwishoni mwa mwezi uliopita alitujia mama mmoja, mwalimu wa shule isiyo ya Serikali, akiwa na shida ambayo ni nadra kuletwa mbele ya Tume ya Haki na Amani. Wengi hutujia kwa sababu wamepunjwa. Yeye alikuja kwa sababu amezidishiwa. Mshahara wake wa mwezi, baada ya makato yote, ni shilingi 480,000. Siku hiyo alikuta benki shilingi 840,000. Yaelekea karani wa mishahara, alipokuwa akiandika orodha, aliitanguliza 8 mahali pa 4. Lilikuwa kosa la kufumba na kufumbua. Lakini katika nyumba yenye watoto watatu wanaosubiri ada, shilingi 360,000 si jambo dogo.

Mama huyo hakukosa washauri. Mume wake alimwambia kwamba Mungu amejibu sala zao. Mwalimu mwenzake alimkumbusha kuwa shule hiyo hiyo haijamlipa posho ya masomo ya jioni kwa mihula miwili, hivyo ahesabu kwamba sasa amelipwa. Jirani yake alimshauri akae kimya, na kama wakigundua, aseme hakuona. Ndipo akaja kutuuliza: Je, niseme au ninyamaze?

Kwa ruhusa yake, tunalijibu swali hilo mbele yenu nyote, kwa kuwa tunaamini si yeye peke yake aliyewahi kujiuliza. Jibu letu ni kwamba aseme, tena mapema. Hata hivyo, jibu lisilo na sababu huwa ni amri tu, wala haliijengi dhamiri. Hivyo yafaa tuyapime mashauri hayo matatu, moja baada ya jingine.

La kwanza ni lile la baba wa nyumba. Hatumlaumu, ni sauti ya mtu aliyechoka kuhangaika. Lakini fedha hiyo ina mwenyewe. Katika shule kama ile, fedha ya mishahara hutokana na ada za wazazi, na miongoni mwao wapo waliouza mahindi au mbuzi ili walipe. Tena yupo karani. Mwisho wa mwezi hesabu zikikataa kulingana, ndiye atakayeulizwa kwanza, na huenda akashukiwa kuwa ameiba au ameshirikiana na aliyepokea. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kukosea tarakimu moja alipokuwa akituma fedha kwa simu, kisha akampigia asiyemjua na kumsihi arudishe? Siku ile tulijua barabara fedha ile ni ya nani. Haki haibadiliki kwa sababu leo sisi ndio tuliopokea.

Shauri la pili ni zito zaidi, wala hatulidharau. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anawaonya matajiri kwamba ujira waliowazuilia wavunaji wao unalia, na kilio chake kimemfikia Bwana. Posho ya mihula miwili ni ujira uliozuiliwa. Mama huyu anadai, na anadai kwa haki. Lakini tukikubali kwamba kila anayedai ajilipe mwenyewe kwa siri, tutakuwa tumemfanya kila mtu kuwa mdai, shahidi na hakimu katika shauri lake mwenyewe. Nani atahesabu kwamba posho ile inalingana kabisa na shilingi 360,000? Na walimu wenzake wanaodai posho ile ile, ambao karani hakuwakosea, wao watalipwa na nani? Tena siku kosa litakapogunduliwa, aliyekuwa mdai atageuka kuwa mshtakiwa, na dai lake la halali litazikwa pamoja na lile lisilo halali. Anayedai haki hana budi kuidai mchana, mikono yake ikiwa mitupu.

Shauri la tatu, la kunyamaza, ndilo jepesi kulifuata na ndilo la hatari kuliko yote. Huanza kwa kutosema, na huishia katika kusema uongo siku tutakapoulizwa. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilipofanya uhakiki wa watumishi wake, majina zaidi ya 10,000 ya watumishi hewa yaliondolewa katika orodha ya mishahara. Sisi sote tulikasirika, na kwa haki, kwa kuwa fedha ile ilikuwa ya dawa na ya madawati. Lakini mshahara hewa haudumu bila kinywa kinachonyamaza. Hatuwezi kuulaani ukimya huo ofisini tukiwa tunaulea nyumbani.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Mikataba, katika kifungu cha 72, inamtaka aliyelipwa fedha kwa makosa kuirudisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi arudishe ujira aliokwisha kulipwa, isipokuwa pale ulipolipwa zaidi kwa sababu ya kosa la kukokotoa. Hivyo sheria hiyo inamlinda mfanyakazi asinyang'anywe jasho lake, na wakati huo huo haimruhusu kufanya kosa la karani kuwa mali yake.

Hata hivyo, tusingependa ndugu zetu waseme ukweli kwa kuogopa kukamatwa tu. Tukumbuke wana wa Yakobo katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 42 na ya 43. Walikwenda Misri kununua nafaka wakati wa njaa, na walipofungua magunia yao wakaikuta fedha yao humo. Njaa ilikuwa kali nyumbani kwao, na wangeweza kuiita baraka. Baba yao aliwaagiza waichukue fedha ile mikononi mwao, wakairudishe, maana huenda ilikuwa makosa. Nao walikuwa na hofu kubwa ya kukamatwa na kufanywa watumwa. Lakini walipofika mlangoni pa nyumba ya Yosefu, walianza wenyewe kueleza habari yote kabla hawajaulizwa. Na msimamizi wa nyumba akawaambia wasiogope. Tunayatazama mambo mawili katika habari hiyo: wenye njaa waliosema ukweli mlangoni, na msimamizi aliyewapokea kwa amani.

Jambo la pili linatuleta kwa waajiri. Wafanyakazi wengi hunyamaza si kwa tamaa, bali kwa hofu. Wanajua kwamba akisema, huenda akaitwa mwizi aliyeshtuka, au fedha yote ikakatwa mwezi mmoja, watoto wakalala njaa. Mwajiri anayetaka watu wake wawe waaminifu katika shilingi iliyozidi, awe mwaminifu kwanza katika shilingi iliyopungua. Awape kila mwezi hati ya malipo inayosomeka, ili kosa lionekane na wote. Asikate kwa ghafula, bali wakubaliane kwa maandishi.

Tena tusijifiche nyuma ya waajiri wa mbali. Parokia nayo ni mwajiri. Wako walinzi, wapishi, makatekista na walimu wa chekechea wanaofanya kazi chini ya paa zetu. Je, wote wanalipwa kwa wakati? Je, michango yao ya NSSF inapelekwa, au inakatwa tu na kukaa? Tukimfundisha mwalimu kurudisha 360,000, huku mlinzi wetu akidai miezi mitatu, mahubiri yetu yatakuwa kengele tu. Tunaziomba Halmashauri za Walei zilitazame jambo hili katika kikao chao kijacho, daftari la mishahara likiwa mezani.

Kwa yeyote atakayepatwa na jambo kama hili, tunashauri hivi. Asiitumie fedha ile iliyozidi, hata kwa nia ya kuirudisha baadaye. Amwandikie mwajiri barua, aeleze kiasi alichozoea kupokea na kiasi alichopokea sasa, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Aombe hesabu ikaguliwe yote, pamoja na kodi na mchango wa hifadhi ya jamii, kwani kosa katika mshahara mara nyingi huvuruga na makato. Kama fedha imekwisha kutumika bila yeye kutambua, aseme hivyo, na apendekeze kulipa kidogo kidogo. Dawa ya deni ni kulipa, lakini hakuna aliyeamriwa kulipa kwa kuwalaza watoto njaa. Na kama anadai malimbikizo yake, ayaandike katika barua ya pili, waziwazi, siku ile ile. Mwajiri akikataa kumsikiliza, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako migogoro ya kazi hupelekwa. Nasi tuko tayari kufuatana naye.

Mama yule aliandika barua zote mbili. Kwa kuwa sehemu ya fedha ilikuwa imekwisha kulipa deni la dukani kabla hajatazama salio, wamekubaliana akatwe shilingi 60,000 kwa miezi 6. Karani alimfuata hadi darasani kumshukuru. Kuhusu posho ya masomo ya jioni, hadi tunapoandika haya, bado hajajibiwa. Tunalisema hilo bila kuficha, ili pasiwe na mtu atakayedhani kwamba ukweli hulipwa siku hiyo hiyo. Lakini sasa walimu wengine wanne wameandika barua kama yake, na Tume itazifuatilia zote tano, kwa sababu anayedai ni mtu ambaye hakuna awezaye kumnyoshea kidole.