Msumeno wa Mnyororo kwa Shamba la Mlimani

Ndugu askari uliye likizoni Rubavu, kabla ya kununua msumeno wa mnyororo, pima unene wa miti yako. Kwa mikaratusi isiyozidi sentimita 35, chuma kibebacho mnyororo chenye urefu wa sentimita 40 chatosha. Kirefu zaidi huchosha mikono bure. Usikubali msumeno usio na breki ya mnyororo, maana ncha ikigusa gogo huruka ghafula kumwelekea mkataji. Vaa kofia ngumu, miwani na buti. Ofisi ya sekta nayo iulizwe habari za kibali. Mwezi Mei 2023 Mto Sebeya ulifurika, ukabomoa nyumba nyingi. Basi kata miti, lakini visiki usiving'oe: mizizi yake ndiyo ishikayo udongo ulio juu ya nyumba ya jirani yako.